Melvill Jones ni nani? Profesa aliyeudhika kuona ndege zinavyopigana na hewa

Januari 1929, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge alisimama mbele ya wahandisi wa ndege wa Uingereza na kuwaambia jambo zito: ndege zenu zinatumia zaidi ya nusu ya nguvu ya injini kwa kazi isiyo na faida yoyote.

Hakuwa na ndege mpya ya kuwaonyesha. Alikuwa na grafu.

Jina lake ni Bennett Melvill Jones. Nje ya duru za wahandisi hajulikani sana, na hata kwenye orodha za magwiji wa anga mara nyingi anarukwa. Lakini ukipanda ndege kubwa leo, ule mlio unaousikia chini ya miguu sekunde chache baada ya kupaa ni magurudumu yakikunjwa na kufichwa tumboni. Sababu ya kuyaficha ndiyo hoja aliyoipigania.

Kwanza, ukinzani wa hewa ni kitu gani?

Toa kiganja nje ya dirisha la basi likiwa kwenye mwendo (konda asikuone). Ukikisimamisha wima, upepo unakirudisha nyuma kwa nguvu. Ukikilaza, unapita kama haupo. Mkono ni uleule, upepo ni uleule. Kilichobadilika ni umbo tu.

Ndege inakutana na hali hiyohiyo, ila kwa kiwango kikubwa zaidi. Ukiongeza mwendo mara mbili, hewa inakurudisha nyuma karibu mara nne. Nguvu ya injini inayohitajika kuishinda inapanda karibu mara nane. Ndiyo maana kufunga injini kubwa zaidi huwa suluhisho ghali: unaongeza nguvu nyingi, unapata mwendo kidogo.

Sasa, ukinzani huo si wa aina moja. Kuna sehemu ambayo ni gharama ya kuelea: bawa likinyanyua ndege linasukuma hewa chini, na kazi hiyo haifanyiki bure. Kuna sehemu ya msuguano, hewa ikijikwaruza kwenye ngozi ya ndege. Hizo mbili huwezi kuzikwepa kabisa.

Halafu kuna ya tatu: vurugu ya hewa nyuma ya kila kitu kilichochomoza. Nguzo, nyaya, magurudumu, injini iliyo wazi, kichwa cha rubani. Hii ndiyo iliyomuudhi Jones.

Kijana wa Birkenhead

Alizaliwa tarehe 28 Januari 1887 karibu na Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Akasoma uhandisi Emmanuel College, Cambridge, akafaulu daraja la kwanza mwaka 1909. Ndugu wawili Wright walikuwa wameruka miaka 6 tu kabla ya hapo, kwa hiyo hakukuwa na njia iliyonyooka ya kuwa mhandisi wa ndege. Alipitia Maabara ya Taifa ya Fizikia, akafanya kazi kiwandani Armstrong Whitworth kwenye yale maputo makubwa yenye injini, na vita vilipoanza 1914 akawa Farnborough, kwenye kiwanda cha ndege cha serikali.

Baadaye alihamishiwa Orfordness, kituo cha majaribio ya silaha za ndege, akishughulikia namna mpiga bunduki anavyolenga akiwa angani. Hapo kuna jambo linalosema mengi kuhusu tabia yake. Mwaka 1918, mwanasayansi ambaye angeweza kubaki ofisini alikwenda Ufaransa na kurushwa vitani kama mpiga bunduki kwenye ndege ya Bristol Fighter ya kikosi namba 48. Rubani wake alikuwa kaka yake wa damu. Mwaka huohuo Jones akapewa nishani ya Air Force Cross.

Kwa hiyo alipokuja kuzungumza kuhusu ndege, alikuwa amekaa ndani yake huku akipigwa risasi.

Kiti chenye jina la marehemu

Mei 1918, rubani kijana, Kapteni Francis Mond, aliuawa Ufaransa. Baba yake, Emile Mond, alitoa fedha Cambridge ili kianzishwe kiti cha uprofesa wa uhandisi wa ndege kwa jina la mwanawe. Mwaka 1919 Jones akawa mtu wa kwanza kukikalia, akiwa na miaka 32. Alikikalia mpaka 1952.

Labda si ajabu kwamba kazi kubwa ya miaka yake ya mwanzo haikuwa kuongeza mwendo wa ndege. Ilikuwa kuzuia marubani wasife.

Tatizo lilikuwa hili. Ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi huku pua imeinuliwa, hewa inaacha kulifuata bawa kwa juu na inatengana nalo. Bawa linapoteza nguvu ya kunyanyua ghafla. Mbaya zaidi, usukani wa kulaza ndege kushoto au kulia, ambao rubani anaukimbilia kwa mazoea, hapo unaweza kumsaliti na kuipeleka ndege kwenye mzunguko wa kuanguka. Kwa urefu wa kutosha unaweza kujiokoa. Karibu na ardhi, ndio mwisho.

Jones na wenzake walilifuatilia jambo hili wakiwa angani, wakirusha ndege kutoka kiwanja cha jeshi cha Duxford, kilomita chache kusini mwa mji wa Cambridge. Utaratibu huo, wa kuigeuza ndege kuwa maabara, ndio uliokuja kumtofautisha. Wengi walikuwa na handaki la upepo, lile bomba kubwa la feni ambamo unaweka mfano mdogo wa ndege na kuupuliza. Jones hakulidharau handaki, ila hakuliamini peke yake. Suala la bawa kupoteza nguvu hakuliacha, na 1934 alikuwa bado analitolea mhadhara.

Katikati ya yote hayo alipata muda wa kushiriki kuandika kitabu cha upimaji ramani kwa kutumia ndege, kilichotoka 1925. Watu wa aina hiyo wapo.

Grafu ya 1929

Turudi kwenye ule mhadhara, aliouita "The Streamline Aeroplane". Alieleza kwamba tangu aanze kusoma mambo ya ndege amekuwa akikereka, na kwamba kila likizo ya kiangazi kero hiyo inaongezeka akiwatazama ndege wa baharini wakiteleza hewani bila jasho. Wale wana umbo safi. Ndege za binadamu zilikuwa na nini?

Mabawa ya ghorofa mbili, yameshikizwa kwa nguzo na nyaya nyingi. Magurudumu yananing'inia muda wote. Rubani kakaa nje, kavaa miwani. Injini imeanikwa kama nyama buchani.

Na nyaya si kitu kidogo. Waya wa mviringo ukipita hewani unaacha vurugu kubwa nyuma yake kiasi kwamba ukinzani wake unaweza kulingana na wa umbo laini la tone la maji lenye unene wa karibu mara 10. Sasa hesabu mita ngapi za waya zilikuwa kwenye ndege moja ya enzi hizo.

Ujanja wa Jones ulikuwa kwenye swali aliloliuliza. Wenzake walikuwa wakiuliza: ndege yangu mpya inaishindaje ya jana? Yeye aliuliza: ndege bora kabisa inayowezekana kwa sheria za fizikia ingehitaji nguvu kiasi gani? Akachukua nadharia ya Mjerumani Ludwig Prandtl wa Göttingen, ambayo tayari ilikuwa inaruhusu kukokotoa gharama ya kuelea, akaongeza msuguano wa ngozi, kisha kile kingine chote, ile vurugu ya nyaya na nguzo, akakipa sifuri. Akapata mstari mmoja kwenye karatasi. Halafu akaweka juu ya karatasi hiyohiyo ndege halisi za wakati ule.

Pengo lilikuwa la aibu. Ndege zote zilikuwa juu kabisa ya mstari, zikichoma nguvu nyingi mno kwa mwendo mdogo. Au ukiisoma kwa upande mwingine: kwa injini zilezile zingeweza kwenda kasi zaidi sana.

Tuwe wakweli hapa. Jones hakuvumbua ndege yenye umbo laini. Marekani, Lockheed Vega ya bawa moja lisilo na nyaya ilikuwa inaruka tangu 1927. Ujerumani, Junkers walikuwa wameachana na nyaya miaka mingi kabla. Na wiki chache tu baada ya mhadhara wake, Februari 1929, Lockheed Air Express iliyovishwa kava jipya la injini kutoka taasisi ya utafiti ya Marekani, NACA, ilipanda kutoka kasi ya juu ya kama km 253 kwa saa hadi km 285, kwa injini ileile. Alichowapa wahandisi ni kipimo. Kabla yake ulijua ndege yako ni nzuri kuliko ya jirani. Baada yake ulijua umebakiza umbali gani kufika mwisho.

Mwanza waliyaona mabadiliko haya

Mfano mzuri wa tofauti hiyo ulipita juu ya Ziwa Victoria.

Tarehe 28 Februari 1931, Imperial Airways ya Uingereza ilianzisha safari ya barua kutoka London hadi Mwanza. Ilikuwa ni kuunganisha vipande: kati ya Cairo na Khartoum ilitumika Argosy, ndege ya mabawa ya ghorofa mbili na injini tatu zilizo wazi. Kuanzia Khartoum kuja Kisumu na Mwanza ilikuwa Short Calcutta, ndege ya kutua majini, nayo ya ghorofa mbili, nguzo na nyaya kila mahali. Mwendo wake wa kawaida ulikuwa kama km 155 kwa saa. Basi la mkoani lenye dereva mkorofi lingeitia presha.

Miaka 6 baadaye, 1937, njia ya Durban ikakabidhiwa ndege mpya za kampuni hiyohiyo ya Short, zilizojulikana kama Empire. Hizi zilitua majini Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Bawa moja, hakuna nyaya, injini nne zimefichwa vizuri kwenye bawa, mwili laini, marubani ndani. Mwendo wa kawaida: kama km 265 kwa saa.

Utasema, si zilikuwa na injini kubwa zaidi? Kweli, zilikuwa nazo, kwa jumla nguvu ikiwa zaidi kidogo ya mara mbili ya Calcutta. Lakini kumbuka ile hesabu ya mara nane. Kuongeza mwendo kwa asilimia 70 kwa umbo lilelile la zamani kungehitaji karibu mara tano ya nguvu, na Empire ilikuwa karibu mara mbili kwa uzito pia. Sehemu iliyobaki ya hesabu imelipwa na umbo.

Kufikia hapo hoja ya 1929 ilikuwa imeshashinda. Douglas DC-3, yenye magurudumu ya kukunja, iliruka mara ya kwanza Desemba 1935. Spitfire ikafuata Machi 1936. Ndege ya nguzo na nyaya ikawa ya kizamani ndani ya miaka 10 hivi.

Akarudi kuuhoji mstari wake mwenyewe

Hapa ndipo kazi yake inapokuwa tamu zaidi kwa wanaopenda sayansi.

Kwenye ile grafu, msuguano wa ngozi aliuhesabu akichukulia kwamba hewa iliyo karibu kabisa na ndege inapita kwa vurugu ndogondogo. Lakini hewa inaweza pia kupita kwa utulivu, tabaka juu ya tabaka, kama mafuta ya kupikia yanavyomiminika taratibu. Ikipita hivyo msuguano unashuka sana. Kwa hiyo swali: je, ule mstari ndio mwisho kweli, au kuna chini zaidi?

Vipimo vya mahandaki ya upepo havikutoa matumaini. Humo, hewa tulivu iligeuka vurugu mapema sana, karibu na pua ya bawa. Jones na kundi lake wakaenda kuangalia angani.

Namna ya kupima ni rahisi kuielewa. Mtumbwi ukipita, maji nyuma yake yanabaki yamevurugika, na ukubwa wa vurugu ile unakuambia mtumbwi umepigana kiasi gani. Kwa ndege, walipitisha mirija midogo nyuma ya ukingo wa bawa wakiwa wanaruka, wakapima ni kiasi gani cha mwendo hewa imepoteza. Hiyo hasara ndiyo ukinzani wa sehemu ile ya bawa. Mbinu hiyo, iliyochapishwa 1936, iliwawezesha watu kupima bawa halisi bila kulitoa kwenye ndege. Vilevile walichunguza ile hewa inayogusa bawa ili kujua inageuka vurugu wapi hasa.

Majibu yaliwashangaza wengi. Angani, utulivu ulidumu mbali zaidi kuelekea nyuma ya bawa kuliko handaki lilivyodai. Sababu? Handaki lenyewe lilikuwa na fujo. Feni zake ziliitikisa hewa, na hewa iliyotikiswa haikai kimya kwenye bawa. Anga ya kawaida, siku nzuri, ilikuwa shwari kuliko maabara.

Mwaka 1935 mtafiti wa NACA, Eastman Jacobs, alipita Cambridge baada ya mkutano wa wanasayansi Roma, akazungumza na Jones pamoja na Geoffrey Taylor, mwanafizikia mkubwa wa mambo ya mtiririko. Akarudi Marekani akiwa na hamu ya kujenga handaki lenye hewa tulivu na kubuni mabawa yanayoulinda utulivu huo. Tarehe 17 Desemba 1937 Jones mwenyewe alialikwa Marekani kutoa mhadhara wa kwanza kabisa wa heshima ya ndugu wa Wright, akieleza majaribio hayo ya angani. Mabawa ya Jacobs yakaja kutumika kwenye ndege ya kivita ya P-51 Mustang, iliyoruka mara ya kwanza Oktoba 1940.

Lakini ndege za vita hazikuvuna utulivu huo kama ilivyotarajiwa. Viungio vya bati, vichwa vya misumari, vumbi, rangi iliyochubuka, wadudu waliogongwa wakati wa kupaa: chochote kilichochomoza kidogo kilitosha kuivuruga hewa iliyo nyuma yake.

Heshima, na vita vya pili

CBE ilikuja 1938, uanachama wa Royal Society 1939, na 1942 akawa Sir Melvill Jones. Wakati wa vita alirudi kwenye suala lake la zamani, ulengaji wa bunduki za ndege, na kuanzia 1943 hadi 1946 aliongoza chombo kilichoishauri serikali ya Uingereza kuhusu utafiti wa anga. Miongoni mwa waliosoma uhandisi Cambridge wakati wake ni Frank Whittle, mgunduzi wa injini ya jeti, aliyekuwa hapo kuanzia 1934.

Alistaafu 1952, kiti cha Mond kikachukuliwa na William Austyn Mair. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1975 akiwa na miaka 88. Mwanawe, Geoffrey Melvill Jones, alifuata sayansi pia, ila yeye alizama kwenye sikio la ndani na namna mwili unavyojua kichwa kimeelekea wapi, kazi aliyoifanya kwa miaka mingi Canada.

Leo hali ikoje?

Sehemu ya tatu ya ukinzani, ile ya vitu vilivyochomoza, imepunguzwa sana. Sasa wahandisi wanapambana na hizo mbili zilizobaki.

Upande wa gharama ya kuelea, vile vibawa vilivyosimama kwenye ncha za mabawa, unavyoviona hata kwenye Boeing 737-800 za Kenya Airways, vinapunguza hewa inayozunguka nchani. Mmarekani Richard Whitcomb wa NASA ndiye aliyevipa msingi wake wa kitaalamu mwaka 1976.

Upande wa msuguano, mambo ni magumu zaidi. Boeing 787-9 imepewa mfumo wa kufyonza hewa kidogo kwenye ukingo wa mkia ili iendelee kuwa tulivu. Lufthansa Technik na BASF wametengeneza filamu yenye mifereji midogo inayoiga ngozi ya papa, na shirika la Swiss limeibandika kwenye Boeing 777 zake kuanzia 2022. Inaokoa karibu asilimia 1 ya mafuta, kiasi ambacho kwa ndege inayoruka kila siku si cha kubeza.

Na Septemba 2017 Airbus walirusha A340 iliyokatwa ncha za mabawa na kufungwa nyingine laini kupita kawaida, ili kuona kama utulivu aliouona Jones miaka ya 1930 unaweza kudumu kwenye ndege ya abiria. Kati ya vitu walivyotakiwa kuvichunguza ni wadudu.